Debe la Februari, gunia la Juni: kisa cha kaya moja ya Kongwa

Shangazi yangu anaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa. Ukishuka Kibaigwa kwenye barabara kuu ya Morogoro, unapanda bodaboda mwendo wa kama saa moja, vumbi lake utakuja kulioga nyumbani. Jina lake silitaji, na kijiji nakiacha hivyo hivyo. Ninayoyaandika ni mambo ya ndani, naye ameyaruhusu kwa sharti hilo. Ana miaka sitini na kitu, ni mjane, analea wajukuu watatu. Analima ekari mbili za mahindi, na pembeni vipande vya karanga na maboga.

Sisi ndugu zake tulio Dodoma mjini, kwa miaka mingi, tulikuwa na maelezo ya haraka kuhusu shida zake: mvua. Maelezo hayo si ya uongo. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na Februari inaweza kukata wiki mbili tatu mahindi yakiwa yanachanua. Kila tulipopigiwa simu kwamba shangazi hana unga, tuliangalia mbinguni. Hakuna aliyekaa naye chini akahesabu magunia.

Nilikuja kukaa naye Julai moja, siku tatu, baada ya msiba. Nikamuuliza msimu ule alivuna ngapi.

"Tisa, baba," akasema. Ananiita baba kwa sababu nimechukua jina la baba yake.

"Na sasa yako mangapi ndani?"

"Matatu."

Ilikuwa tarehe za mwanzo za Julai. Mahindi hayajamaliza hata mwezi tangu yatoke shambani.

Magunia tisa yalikwenda wapi

Mawili aliyauza kwa shilingi 48,000 kila moja, bei ya kijijini msimu ule. Hela ikaenda kwenye sare, madaftari, deni la dukani na mambo ya nyumba. Hayo sina ugomvi nayo. Manne yalichukuliwa na tajiri.

Kijijini wanamwita tajiri, ingawa nyumba yake na ya shangazi zinatofautiana bati na mlango wa chuma tu. Utaratibu wake kwetu unaitwa songoleda, na sehemu nyingine za nchi watakuambia tu kuuza mazao yakiwa shambani. Mwezi wa pili huna chakula. Unakwenda kwake, anakupa shilingi 20,000. Mnakubaliana kwamba wakati wa mavuno atakuja kuchukua gunia moja. Hakuna karatasi. Shangazi alikwenda mara nne kati ya katikati ya Januari na Machi, akapata jumla ya 80,000.

Sasa tazama 20,000 inanunua nini Februari. Debe la mahindi wakati huo lilikuwa limefika 17,000. Ukitoa ya kusaga na ya kulifikisha nyumbani, umebaki na ya chumvi. Kwa hiyo, ukiondoa neno hela katikati, shangazi alikuwa anakopa debe moja na kulipa gunia, yaani madebe sita. Na wala si sita kamili. Debe la Februari linapimwa kwa mfuto, juu pamefutwa kwa kijiti. Gunia la Juni linajazwa lumbesa, linashonwa kwa kofia, na ukilimwaga upya unakuta karibu madebe saba. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa siku nyingi tu, lakini mizani iko Kibaigwa sokoni, haiko uani kwa shangazi saa kumi na mbili jioni.

Ukipenda kuisema kwa lugha ya benki: 20,000 imezaa 28,000 kwa miezi mitano, karibu asilimia 28 kwa mwezi. Wakopeshaji wenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wamewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Naweka tarakimu hizo mbili pamoja ili msomaji aone umbali. Tajiri wetu hana habari na leseni, na shangazi hana habari na asilimia.

Lakini riba siyo iliyonishtua. Kilichonishtua ni hesabu iliyofuata, tuliyoifanya kwa punje za mahindi juu ya mkeka, mjukuu wa katikati akituhesabia. Kaya ile inakula debe moja kwa siku kumi na moja hivi. Magunia matatu ni madebe kumi na nane. Kumi na nane mara kumi na moja ni siku 198. Ukianza kula mwanzoni mwa Julai, unafika katikati ya Januari, na hapo ndipo anapokwenda kwa tajiri kila mwaka, utadhani ana kalenda.

Tukapanga punje upya bila tajiri. Tisa, toa mawili ya kuuza, yanabaki saba. Madebe arobaini na mawili. Siku 462.

Shangazi alizitazama punje zile kwa muda, kisha akazizoa akawarushia kuku.

Maana yake ni kwamba, kwa mwaka wa kawaida kama ule, shamba lake lilikuwa linamtosha na kuzidi. Njaa ya Januari haikuwa inatoka shambani. Ilikuwa inatoka kwenye deni la Februari iliyopita, ambalo nalo lilitokana na deni la Februari ya nyuma yake. Ilianza lini? Anakumbuka vizuri: mwaka aliofiwa na mume, msiba uliangukia Januari, akakopa kulisha watu. Tangu hapo hajawahi kula mavuno mazima.

Kuna hasara nyingine ambayo haimo kwenye punje. Mwenye njaa ya Januari hapalilii shamba lake. Anakwenda kupalilia la mwenzake apate unga wa leo, la kwake linasubiri, na mahindi yaliyochelewa palizi hayasahau. Yeye mwenyewe aliniambia hivi: "Mimi nalima vizuri, ila nalima wa pili."

Meseji za M-Pesa

Hapa ndipo kisa kinapotugusa sisi wengine. Nilirudi mjini nikaomba ndugu wote tulio kwenye kundi letu la WhatsApp, watu kumi na mmoja, kila mtu atazame meseji zake na kunitajia alichomtumia shangazi kwa miezi kumi na miwili iliyotangulia. Tuna mwalimu wa msingi, askari wa ulinzi, fundi bati wa Nkuhungu hapa Dodoma mjini, mama lishe, wawili wa bodaboda, karani mmoja wa serikali. Hakuna mwenye fedha za kutisha.

Jumla ilikuja 235,000.

Yaani tulimtumia karibu mara tatu ya zile 80,000 zilizomfunga. Tukaanza kulaumiana kimyakimya, mmoja akasema labda shangazi ana matumizi yake. Basi nikaomba tarehe. Desemba, kwa ajili ya Krismasi, 95,000. Septemba alipougua, 70,000. Juni na Julai 50,000. Novemba 20,000. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 20 Machi: hakuna hata shilingi.

Kila mtu anajua kwa nini. Januari mjini ni ada, ni kodi ya miezi sita, ni mfuko uliotobolewa na Desemba. Na shangazi naye hapigi simu Januari, maana anajua tuna ada, anaona aibu. Anapiga Machi, mambo yakiwa yameshakwisha, kusalimia tu.

Kongwa ndiko Waingereza walikoleta ule mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Matrekta, mabuldoza, mamilioni ya pauni. Mwaka 1951 ukafungwa: udongo ulikauka ukawa kama saruji, mvua hazikuja walivyozipanga kwenye makaratasi. Huwa tunausimulia kwa kucheka. Sisi pia tulikuwa tunapeleka hela Kongwa bila kuangalia mwezi.

Tulivyojaribu, na tulivyokosea

Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga, na wazo lilikuwa langu. Julai ile ile tukachanga 110,000 tukamtumia, na maelekezo: nunua magunia mawili, weka, usiguse mpaka Januari. Alinunua moja. Iliyobaki iliondoka ndani ya wiki moja: msiba wa jirani, mchango wa shule, mdogo wake aliyekuja kulala siku mbili. Ndugu mmoja akakasirika sana kwenye kundi. Mimi sikuweza kukasirika. Mavuno yakiingia, kijiji kizima kinajua nani ana nini, na mjane anayekataa kuchangia msiba akiwa na fedha ndani, siku akifiwa yeye atazika na nani? Fedha taslimu Julai haina mlango wa kufunga.

Tukamwongezea la pili, safari hii nikanunua mwenyewe na kuyatia yote mawili kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Mmoja tulinunua kama 5,000. Ukiufunga vizuri, wadudu wanakosa hewa wanakufa wenyewe bila dawa, hata dumuzi, yule anayeweza kugeuza gunia kuwa unga mbele ya macho yako. Kumbe mifuko ile ilikuwa na faida nyingine ambayo muuzaji hakuitangaza. Jirani akija kuomba, shangazi anasema: "Hii ikifunguliwa kabla ya Januari inaharibika yote." Ni kweli nusu na uongo nusu, lakini ni jibu la heshima. Hajakataa yeye, umekataa mfuko. Nadhani sentensi ile ilitusaidia kuliko plastiki yenyewe.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Gunia moja tulilinunua kwa mtu aliyekuwa na haraka, mahindi hayajakauka sawasawa, tukayafungia humo humo. Januari kuufungua, harufu ya uvundo ikatutoa chumbani. Shangazi alitaka kuyaanika na kuyaosha. Tulikataa, na kwa hilo nilikuwa mkali, maana mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na haiondoki kwa kuosha wala kupika. Tukayachimbia. Tangu hapo tunapima kwa chumvi: chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza tuliingia Januari na gunia moja badala ya mawili. Madebe sita. Kumbuka songoleda nzima ya mwaka uliotangulia ilikuwa kama madebe manne. Gunia lile moja, pamoja na vibarua viwili vitatu, lilimfikisha Aprili kwenye maboga na mahindi mabichi. Kwa tajiri hakwenda. Palizi ya kwanza aliifanya shambani kwake, kwa wakati, wajukuu wakimsaidia Jumamosi.

Juni ile alivuna magunia kumi na mawili. Sitaki kusema yote matatu ya nyongeza ni ya palizi. Mvua nayo ilikuwa nzuri. Lakini yote kumi na mawili yaliingia ndani kwake.

Gharama yetu, ukijumlisha hata gunia tulilochimbia na mifuko, haikufika 190,000 kwa watu kumi na mmoja. Mwaka huohuo kundi hilohilo lilichanga 640,000 kwa sendofu ya binamu, na hakuna aliyeiita msaada wala mradi. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya Watanzania wako chini yake. Shilingi 49,320: ndiyo bei ya gunia moja la shangazi wakati wa mavuno, na chenji kidogo ya soda.

Upande wa tajiri

Ningekuwa nasimulia tu ningeishia hapo, tajiri akiwa ameshindwa. Lakini huu ni uchambuzi, na yeye ana hoja zake.

Kwanza, hela si yake yote. Anakopa kwa mfanyabiashara mkubwa ambaye naye anataka magunia yake Juni. Pili, anapatikana. Usiku mtoto akishikwa na degedege, sisi tuko Nkuhungu tumezima simu. Yeye anagongewa na anafungua. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia kumi, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, kwa kawaida ni kwa vikundi, na ni kwa biashara. Hakuna fomu inayouliza unataka kula nini leo. Tatu, mwaka mvua zikikata kabisa naye anapoteza, maana huwezi kukamua gunia kwenye shamba kavu. Deni linahamia mwaka unaofuata, na hapo ndipo wanakijiji wengine hujikuta wanatoa hata shamba.

Na shangazi alipoacha kukopa alilipia. Tajiri ndiye mwenye mkokoteni wa ng'ombe mtaa ule. Mavuno ya mwaka ule hakumbebea; alisema ng'ombe wamechoka. Magunia kumi na mawili yalirudi nyumbani kwa vichwa na baiskeli, siku nne. Hatukuwa tumelifikiria hilo kabisa. Msimu uliofuata nilimfuata mwenyewe na soda mbili, nikamwomba atubebee kwa bei ya soko, taslimu, siku hiyohiyo. Ng'ombe wakapona.

Majirani watatu

Habari haikukaa. Mwaka wa pili wanawake watatu walimwendea shangazi wakitaka mahindi ya mfuko, na mmoja wao ana mume. Kundi letu likagawanyika: wengine walisema sisi si serikali, tumesaidia wetu, inatosha. Fundi bati ndiye aliyeleta jambo la maana. Alisema tusigawe, tukopeshe, na tulipwe mahindi yaleyale.

Makubaliano yakawa haya: Januari unachukua debe, Juni unarudisha debe na sado moja, lile kopo dogo la kupimia. Kwa mfuto wakati wa kutoa, kwa mfuto wakati wa kupokea, debe lilelile, tumelipiga rangi nyekundu ukingoni. Sado ni ya mifuko na ya panya. Stoo ni chumba cha nyuma cha shangazi, funguo mbili, mmoja kwake na mmoja kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Wawili walirudisha mpaka punje ya mwisho. Wa tatu hakurudisha. Shamba lake liko mahali panapokauka haraka, na Februari ile ilipokata mvua wiki tatu alivuna magunia mawili tu. Tulijadili sana, kisha tukamsogezea mwaka bila nyongeza. Nadhani tulifanya sawa, ingawa mwalimu wetu bado anasema tumefungua mlango ambao hatutaweza kuufunga. Anaweza kuwa sahihi.

Huo ndio mpaka wa kisa hiki, na sitaki mtu auruke. Hesabu ya punje ilifanya kazi kwa sababu tisa ilitosha. Mwaka ambao kijiji kizima kinavuna mawili mawili, stoo ya debe jekundu haina cha kufanya. Hapo ni mahindi ya akiba ya taifa, ni mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, na kwa muda mrefu ni kurudi kwenye uwele na mtama vinavyovumilia jua, jambo ambalo shangazi analisikia kwa sikio moja kwa sababu ya ndege na kwa sababu wajukuu wanataka sembe. Tumemshawishi nusu ekari.

Wanaoniuliza watafanyaje kwao huwa nawauliza swali moja kwanza: kaya unayoijua wewe, chakula kinaisha mwezi gani? Wengi hawajui, hata wana wa kuzaliwa hapo. Wenye ndugu wa Mpwapwa au Bahi nawaambia wasichange kitu mpaka wajue, na wakijua, wanunue Julai. Wenye vikoba vijijini nimewashauri waache kuvunja na kugawana akiba Desemba ili pesa isiishie kwenye vitenge vya Krismasi. Wahamishie mwisho wa Januari. Kikundi kimoja cha jirani zake kimekubali, na walizomeana kweli kabla ya kukubali. Asiye na ndugu kijijini anaye dada wa kazi nyumbani, anaye mlinzi, na hao wana mama zao. Kumlipa mshahara wa Juni mapema wiki mbili, aweze kununulia nyumbani magunia kabla bei haijapanda, hakukugharimu hata shilingi ya ziada.

Stoo ya shangazi sasa ina magunia matano yetu, mbali na yake. Februari iliyopita aliuza mawili ya kwake, si Julai tena, na aliyekuja kununua ni tajiri. Walibishana bei tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani.

Wiki mbili baadaye tajiri akamfuata tena, safari hii akiomba aingie kwenye stoo: alete magunia kumi yake, yakopeshwe kwa utaratibu wa debe jekundu, apate sado zake. Anasema songoleda imekuwa na usumbufu, watu wanakimbia usiku na mahindi yao. Kwenye kundi tumebishana mwezi mzima. Nusu wanasema ni fisi anaomba kuchunga mbuzi. Wengine, mimi nikiwemo, tunaona magunia kumi ni kaya nyingi.

Nikampigia shangazi nijue yeye anasemaje. Akacheka.

"Mwacheni aje, baba. Ila yale ya kwake tuyamwage kwanza, tuyapime upya kwa debe letu."

Bado hajaleta.